Mawe Kumi na Moja ya Maktaba

4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii anakuletea dereva wa lori, kwa kuwa simu yako imeganda ndani ya ile ndoo ya saruji, na mama anasema umeapa hutanunua nyingine mpaka watengeneze ya chuma.

Nina habari ambayo huenda imeshakufikia. Wiki iliyopita ukuta wa mbele wa maktaba ya mji wenu ulimwaga jiwe. Si jiwe zima, ni uso wake: bamba nene kama kiganja, pana kama mlango wa kabati, lilibanduka likaangukia benchi. Mkutubi alikuwa amelikalia benchi hilo, akainuka dakika mbili kabla kwenda kupokea simu. Benchi limekwisha. Mkutubi mzima, ila anasema hataacha simu ya mtu iite tena maishani mwake.

Bamba lenyewe liko mbele yangu, hapa maabara. Nilipofungua sanduku nilisikia harufu ya machimbo yetu, nikasimama na kifuniko mkononi.

Mambo ni haya. Mawe kumi na moja ya ukuta ule yanabanduka, yote sehemu moja, upande wa kulia wa mlango. Mengine mia kadhaa hayana hata ufa. Kamati ya majengo ya umma inasema jiwe letu limeoza, na inataka kupiga marufuku jiwe la machimbo yetu katika jengo lolote la umma. Itakaa tarehe ishirini Aprili. Kazi ya kulipima jiwe nimepewa mimi. Mkuu wangu anajua nilikozaliwa, alisema, "Wewe angalau hutalipima kwa uvivu."

Maana ya marufuku hiyo tunaijua sote. Nani mwingine anajenga kwa mawe siku hizi, kama si serikali? Mafundi kumi na wanne, na mama anayewanolea tindo, wataamka siku moja hawana pa kwenda.

Basi niambie, wewe uliyelikata jiwe hili miaka arobaini: kwa nini haya kumi na moja tu?

Mpwa wako,
Kokoto


11 Machi

Kokoto,

Marahaba. Mama yako mzima, mimi mzima, lori linakohoa. Salamu nyingine nimeziruka, maana najua hata wewe huziruka ukisoma.

Jiwe limeoza! Mwambie aliyesema hivyo aje hapa alipige teke, tuone kitakachoanza kuoza ni nini. Mimi nimelikata jiwe hili tangu meno yangu yakiwa yote. Limejenga shule, limejenga stesheni, limejenga hata ofisi ambamo hao wanakamati waliandikiwa vyeti vyao vya kuzaliwa.

Kuhusu hayo kumi na moja: ni mvua. Bomba la paa la maktaba lilitoboka upande huo huo wa kulia. Maji yakishuka juu ya jiwe kila mwaka, hata uwe mwamba utachoka. Andika mvua. Kamati hupenda mvua, kwa sababu haiwezi kuitwa kujieleza.

Mama yako anauliza kama unakula. Mimi nauliza kama wenzako wa maabara wanajua kwamba ulipokuwa na miaka miwili ulikuwa ukila kokoto, tena ukichagua, na kwamba ndipo jina lilipotoka.

Usijisumbue sana na hilo swali la kwa nini. Andika mvua.

Mjomba wako,
+


19 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nimecheka mpaka nikaulizwa. Lakini mvua peke yake, hapana. Nilimwomba mkutubi aende kutazama bomba. Ni jipya na ni zima, na liko upande wa kushoto.

Ngoja nikuambie nilichokiona. Nilikata kipande chembamba cha lile bamba nikakiweka chini ya lenzi. Mjomba, ni mto. Najua ulikuwa ukisema hivyo tangu nikiwa mtoto, "Hapa palikuwa mtoni," na mimi nikidhani ni maneno ya kunidanganya nisichoke kubeba maji. Punje zake ni za mviringo, zimesagana zikibingirishwa safari ndefu. Kuna tabaka nene la mchanga wa mafuriko, halafu jembamba la siku za utulivu, halafu mafuriko tena. Wala si mto mmoja. Ni mito mingi, ikihama huku na kule miaka mamilioni, kabla hajatokea mtu wa kuiita mito. Na juu ya tabaka moja vijiwimbi bado vipo, vile vile unavyoviona ukingoni maji yakipungua. Wenzangu walienda kula wakarudi, wakanikuta nimeinama pale pale.

Sasa sikiliza. Matabaka hayo, ndani ya ukuta, yamesimama. Wewe ndiye uliyenifundisha, kabla sijajua kushika kalamu: laza jiwe lilivyolala. Ulikuwa ukilimwagia jiwe maji, mistari ikajitokeza, ukaniambia, "Hivi ndivyo lilivyolala chini, na hivi ndivyo litakavyolala ukutani, la sivyo litakuchukia." Ukilisimamisha ni kama kitabu kilichosimamishwa jalada likitazama barabara. Mvua inakifungua ukurasa mmoja mmoja.

Kwa hiyo jiwe halina kosa! Kosa ni la aliyelisimamisha. Hii ndiyo habari njema kuliko zote nilizopata mwaka huu, na nimeipata kwa sababu wewe ulinifundisha kumwaga maji kabla shule haijanifundisha lenzi. Nakushukuru, Mjomba. Nadhani sijawahi kukuambia hivyo kwa maandishi.

Limebaki tatizo moja. Mhandisi wa kamati anasema kila mwenye jiwe bovu atamsingizia fundi. Anataka kujua nani alijenga sehemu ile, lini, na kwa nini alifanya hivyo. Faili la ujenzi limeliwa na panya, nimeonyeshwa mabaki. Bila maelezo hayo watapiga marufuku tu. Ukuta ulijengwa mwaka niliozaliwa, na wewe na baba mlikuwepo. Nani aliyasimamisha mawe yale?

Mpwa wako,
Kokoto


27 Machi

Kokoto,

Marahaba.

Ni mimi.

Nimekaa na kalamu tangu asubuhi nikitafuta namna ya kuzungusha maneno. Mama yako amepita mara tatu akiuliza naandika barua au naichonga. Basi ni mimi. Ilikuwa siku uliyozaliwa. Kichwa hakikuwa changu, nilitaka kumaliza niende zahanati nikamwone dada yangu, na nyapara alikuwa amesema hatoki mtu mpaka sehemu ile ifike usawa wa dirisha. Jiwe likisimama linafunika ukuta haraka; matatu hufanya kazi ya saba. Nikasimamisha kumi na moja, nikaziba viungo kwa saruji, nikashuka.

Andika jina langu. Nimekuwa fundi mkuu miaka ishirini na miwili, inatosha. Wakisema nisishike tena mwiko kwenye jengo la umma, mgongo wangu utawashukuru. Machimbo yabaki, hilo ndilo la maana.

Wala usiwasumbue kubomoa ukuta kutafuta alama. Unajua kila fundi akifuzu hupewa alama yake, akaichonga upande wa jiwe unaofichwa na saruji, ili jiwe likileta matata ajulikane baba yake ni nani. Yangu ni hii ninayotilia sahihi. Ya baba yako ilikuwa mawimbi mawili. Lakini mvua zimeanza, na ukuta ukifunguliwa sasa maji yataingia mpaka kwenye vitabu. Neno langu linatosha.

Nisamehe, mpwa wangu. Nilikufundisha sheria niliyoivunja.

+


2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimeliandika jina lako.

Nilikasirika siku nzima. Nilimkaripia hata mlinzi wa lango, ambaye hajawahi kuiona hiyo maktaba. Kisha hasira ikaisha. Wangapi wangeyaacha machimbo yafe kuliko kuandika maneno mawili uliyoyaandika? Nakushukuru kwa hayo mawili, hata kama nilitamani yasiwe yako.

Kamati imekubali ukuta usifunguliwe mpaka mvua ziishe. Ripoti nimeitia sahihi, itasomwa tarehe ishirini. Cheti cha ufundi mkuu watakunyang'anya, mhandisi hakuficha. Nimemwandikia mama pia, asije akasikia kwa dereva.

Kokoto


6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani.

Mjomba wako hataki mazungumzo. Anachonga jiwe moja tangu juzi, sasa limebaki dogo kama sabuni. Mafundi wanampisha njia.

Mimi mambo ya kamati siyajui, kazi yangu ni kunoa tindo. Lakini nakuomba usimwekee kinyongo mdogo wangu. Kama alikosea jiwe alikosea, mficha maradhi kifo humuumbua. Ila mimi nitamshukuru mpaka naingia kaburini. Siku ile uchungu uliponishika hapa machimboni, lori lilikuwa limeharibika. Yeye ndiye aliyetandika magunia kwenye toroli la mawe, akanipakia, akanisukuma hadi zahanati, tangu alfajiri mpaka jua kichwani. Njia nzima ananitania kwamba mimi ni mzito kuliko kizingiti cha mlango wa benki. Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja. Hakubanduka pale mlangoni mpaka aliposikia sauti yako. Ndipo akatoka mbio kwenda kumwita baba yako, ambaye bado alikuwa juu ya ukuta.

Kwa hiyo mwandikie vizuri. Na ule.

Mama


10 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwenye toroli.

Mama ameniandikia. Hakujua anachokisema, alitaka tu nikuhurumie. Tangu alfajiri mpaka jua kichwani ulikuwa ukimsukuma yeye. Hukuweka jiwe hata moja siku ile. Kwa hiyo aliyekuwa ukutani, mwenye haraka ya kwenda zahanati, najua ni nani. Sihitaji kubomoa kitu. Najua alama iliyo ndani ya viungo vile ni mawimbi mawili.

Sikuandikii kwa hasira. Ungeniona ninavyoandika ungejua. Lakini ripoti iliyo mezani kwa kamati ina sahihi yangu na ina uongo, na kuanzia leo uongo huo si wako tena, ni wangu.

Niambie yote. Zimebaki siku kumi.

Kokoto


15 Aprili

Kokoto,

Marahaba. Dada yangu hajawahi kunisaidia kudanganya hata mara moja, tangu tukiwa watoto.

Ni baba yako. Aliyoyasema nyapara aliambiwa yeye, si mimi. Alijua mkewe yuko njiani kwenye toroli, na ameambiwa hatoki mpaka usawa wa dirisha. Alikuwa fundi bora kuliko mimi, hilo lisikupite. Maisha yake yote alisimamisha mawe kumi na moja, na yote ni ya siku ile.

Nilifika chini ya jukwaa pumzi imeniishia, nikapaza sauti: "Binti! Wote wazima!" Akanitazama, akacheka, akasema, "Ngoja." Jiwe la mwisho lilikuwa mikononi mwake. Akaligeuza, akachomoa tindo, akagonga, akagonga tena, dakika tano nzima, na mimi niko chini natukana. Mtoto kazaliwa, wewe unachonga! Kisha akalipachika, akashuka, akanipita mbio kama mimi ndiye niliyemchelewesha. Mambo yote ya shemeji yangu nimeyasamehe, hilo moja sijalisamehe. Mtu anaambiwa amepata mtoto, anamaliza jiwe kwanza.

Wiki ile ile aliniambia alichokifanya, tukakubaliana turudi kuyalaza. Ukuta ukazinduliwa, watu wakapiga makofi. Tukasema mwakani. Mwakani ikawa mwakani nyingine, halafu vumbi likamjaa kifuani. Siku zake za mwisho alinishika mkono akasema, "Yale kumi na moja, shemeji. Yalaze." Nikasema ndiyo.

Miaka ishirini na tatu, tangu tumzike, nimekuwa nikipita mbele ya maktaba huku nikitazama ng'ambo ya barabara. Niliogopa nikisema watu watasema jiwe limeoza, na sasa wamesema bila mimi kusema. Kwa hiyo sikukudanganya sana. Kosa la siku moja ni lake, la miaka yote iliyofuata ni langu. Mkutubi angechelewa kuinuka, ningemjibu nini Mungu?

Nakuomba uache jina langu pale pale. Mimi nina mdomo, marehemu hana. Hapa wakimtaja wanasema "yule fundi", na kila mtu anajua ni nani. Sitaki waanze kusema kingine.

+


22 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimelifuta jina lako. Najua umeshaanza kufoka. Foka, ukimaliza endelea kusoma.

Niliweka mezani vipande viwili vya jiwe letu, vilivyokatwa kutoka bonge moja. Vyote nilivilowesha na kuvikausha mara hamsini, kimoja kikiwa kimelala, kingine kimesimama. Mwenyekiti wa kamati ni mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi. Nikamwomba avikwaruze kwa ukucha. Kilicholala kikamshinda. Kilichosimama kikambandukia kwenye ripoti yake. Akapuliza vumbi, akauliza, "Haya, na fundi ni nani?"

Nikawaambia kuna kosa katika ripoti yangu na nimekuja kulisahihisha. Nikasema, "Aliyesimamisha mawe ni baba yangu. Aliyejua akanyamaza ni mjomba wangu. Na aliyekuwa akiharakiwa ni mimi." Nikaeleza yote, mpaka toroli.

Halafu yule mama akauliza, "Na mgonjwa wa toroli alifika salama?" Nikamwambia alifika, na mtoto ndiye huyu anayezungumza. Akavua miwani akaifuta. Akasema miaka yote aliyokaa kwenye kamati ameletewa nyufa za kila namna, hii ndiyo ya kwanza kumfanya atake kumpigia mama yake simu.

Usidhani ilikuwa mteremko. Mhandisi alisema mtoto wa machimbo hawezi kuwa shahidi wa machimbo, na ana haki. Vipimo vyangu vitarudiwa kwenye maabara nyingine, na uamuzi wa marufuku umeahirishwa hadi majibu yatoke. Sina wasiwasi. Jiwe halibadilishi maneno kwa kumtazama anayeliuliza.

Majibu yakiwa sawa na yangu, hukumu yako ni hii: utayatoa mawe yote kumi na moja na kuyalaza, kwa mkono wako mwenyewe, si kwa kutuma mtu. Cheti chako kinabaki. Lakini umeandikiwa onyo kali kwa kunyamaza, na nakala yake nimeiweka humu. Ibandike karibu na kioo unachonyolea ndevu.

Sasa kuhusu baba. Ulitaka kumlinda, na ukawa tayari kutoa cheti chako, jina lako na miaka yako arobaini kwa ajili ya mtu ambaye hawezi hata kukwambia asante. Basi naisema mimi kwa niaba yake. Asante, Mjomba. Lakini nilipomtaja mbele yao sikuona aibu. Nilimwona kijana aliye juu ya jukwaa, anayetaka kushuka. Nina picha yake moja tu, ile ya kitambulisho, na haijawahi kunionyesha hivyo.

Zile dakika tano hata mimi sizielewi. Lakini samehe, kama nilivyosamehe mimi. Wakati ule nilikuwa sijajua kusoma saa.

Mpwa wako,
Kokoto


30 Mei

Kokoto,

Marahaba, marahaba, marahaba.

Majibu ya maabara ya pili nimeyapata: ni sawa na yako, marufuku hakuna. Mafundi waliniomba niwasomee mara mbili, ya pili wakiwa wamekaa. Mmoja akauliza "sampuli" maana yake nini, nikamwambia ni jiwe lililosoma. Onyo nimelibandika kwenye kioo. Kila asubuhi linanitazama nami nalitazama.

Mvua zimeisha, kazi nimeianza. Nafanya peke yangu kama kamati ilivyotaka, mafundi wanaruhusiwa kuinua tu. Mkutubi ananiletea chai na habari za watu. Kwanza nikajua jambo ambalo ningepaswa kulijua: kumi na moja hayatoshi. Yakilala yanachukua nafasi ndogo, kwa hiyo tumeongeza mapya kumi na matano. Ya zamani nayachonga uso upya. Ndani bado ni mazima, hayana kinyongo.

Kila ninalolitoa nalisugua saruji pembeni, na kila mara naiona alama yake: ≈. Nikiiona nasema, "Shemeji." Mara kumi nimesema hivyo.

Jana nilitoa la kumi na moja, lile la juu kabisa chini ya dirisha. Saruji ilikuwa imeng'ang'ania kuliko kwingine. Nikaisugua kwa brashi, nikaimwagia maji, mawimbi mawili yakatokea. Nikasugua tena, kwa kuwa palikuwa na kitu kando yake. Kokoto, kulikuwa na alama nyingine. Ndogo, wimbi moja tu, limechongwa taratibu na kwa kina, si kazi ya mtu mwenye haraka. Hivi: ~.

Nimefanya kazi na mafundi wote wa machimbo haya, alama zao nazijua zote. Hiyo hana fundi yeyote. Alama haitolewi ila kwa aliyefuzu, na anayemchongea mara ya kwanza ni yule aliyemfundisha. Yeye alimchongea mtu ambaye hakuwa na umri wa saa mbili.

Ndizo zile dakika tano.

Nilikaa juu ya jukwaa. Miaka thelathini na moja nimemwekea kinyongo mtu kwa dakika tano, na nilikuwa chini yake namtukana wakati akiandika jina la mtoto wake. Nikamwomba msamaha pale pale, kwa sauti. Mkutubi alikuwa chini na birika, akadhani nazungumza naye. Akanijibu, "Hakuna shida, baba, chai bado ya moto." Nikalipokea jibu hilo. Nililia, mpwa wangu, sitaki kukuficha tena kitu.

Mkutubi aliomba tuigeuzie alama nje, watu waione. Nimekataa. Alama hukaa ndani, ndiyo heshima yake. Nimelilaza jiwe lile kwa mkono wangu, vijiwimbi vyake vikitazama juu kama mto ulivyoviacha. Timazi inasema sawa. Ahadi ya shemeji imetimia, na mimi leo nimetembea upande wa maktaba wa barabara.

Ila kazi sijaimaliza. Nafasi ya jiwe moja nimeiacha wazi, karibu na mlango, kwa urefu wa kiuno ili usipate kisingizio cha kuogopa jukwaa. Jiwe lipo, limekatwa, upande wa ndani hauna alama. Mimi siwezi kuitia. Si yangu.

Mjomba wako,
+


8 Juni

Mjomba,

Shikamoo.

Barua yako nimeisomea langoni, kwenye kiti cha yule mlinzi niliyemkaripia. Aliona sura yangu, akanipisha. Mkuu wangu akapita, akauliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna, nimeletewa habari za kuzaliwa kwangu.

Nimekuwa nikipima mawe miaka saba, nikidhani nimejichagulia kazi hii mwenyewe. Asante kwa kuniambia. Asante kwa toroli. Asante kwa kumtukana baba kwa sauti kubwa kiasi kwamba hukuzisahau zile dakika tano. Ungekuwa mpole tungezipoteza. Asante hata kwa uongo wako, ingawa sitaki mwingine. Mwambie mama nakula.

Nakuja Jumamosi na lori. Nimenunua tindo mpya. Mama atacheka ncha yake, lakini atainoa. Usiruhusu mtu akae karibu na ile nafasi.

Nimeomba likizo ya siku nne. Nilipofika mwisho wa fomu, penye sahihi, mkono ulikwenda wenyewe. Karani akaitazama, akafungua faili langu, akaniambia hii si ile niliyoiandikisha siku nilipoajiriwa. Nikamwambia arekebishe faili, maana hii ndiyo niliyotangulia kuwa nayo.

~